Mwongozo kamili: jinsi ya kutengeneza boti ya rota inayokwenda kwa upepo bila tanga

Boti nne za rota zimepita mikononi mwangu mwaka huu, zote na ugonjwa mmoja. Rota inazunguka, upepo upo, boti haiendi. Inaelea tu na kusukumwa pembeni kama jani. Moja ilikuwa imetengenezwa kwa uangalifu mkubwa, rangi imekolea na rota mbili zimesimama wima, na kijana aliyeitengeneza alikuwa ameshakata tamaa.

Kosa la wote lilikuwa lilelile: walichukua picha ya meli kubwa ya rota wakaipunguza yote, pamoja na kasi ya rota. Umbo linakubali kupunguzwa, kasi haikubali. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya watu wanne hao, na kwa yeyote aliye njiani kuanza.

## Hesabu moja kabla ya kushika kisu

Rota ni pipa jembamba refu linalosimama mahali pa mlingoti na kuzungushwa na mota. Upepo ukilipiga pipa hilo kutoka ubavuni mwa boti, upande mmoja ngozi yake inakwenda pamoja na upepo, na upande wa pili inakwenda kinyume. Pale inapokwenda pamoja na upepo hewa hukimbia zaidi, mgandamizo hushuka, na pipa huvutwa kuelekea huko. Mpira wa adhabu unaopinda angani na kuuzunguka ukuta wa mabeki hupindishwa na nguvu hiyohiyo.

Ili nguvu hiyo ipatikane ya kutosha, ngozi ya rota lazima ikimbie mara 2 hadi 3 ya kasi ya upepo. Ikiwa sawa na upepo au chini yake, utapata mvuto kidogo na usumbufu mwingi.

Sasa linganisha. Meli ya mizigo E-Ship 1, iliyoanza kazi mwaka 2010, ina rota 4, kila moja ina urefu wa mita 27 na upana wa mita 4. Rota yetu ina upana wa sm 6. Upepo unaoipiga meli ile na unaoipiga boti yako ni uleule, kwa hiyo ngozi za rota zote mbili zinahitaji kasi ileile. Lakini pipa la mita 4 likizunguka mara 1, la sm 6 linapaswa kuzunguka karibu mara 67. Ndiyo maana rota inayozunguka taratibu na kwa madaha kama ile ya kwenye video za meli kubwa haitaisogeza boti yako hata hatua moja.

Kwa upepo mwanana wa mita 3 kwa sekunde, rota ya sm 6 inahitaji mizunguko kati ya 30 na 48 kila sekunde. Shika namba hizo. Kila hatua inayofuata iko hapo ili uzifikie bila boti kutetemeka mpaka ikaachana.

## Vifaa

Vingi utavipata kwa fundi redio na kwenye vitu vilivyokwisha kazi nyumbani.

Bodi na mkuku (ubao unaoshuka majini chini ya boti kuizuia isiteleze pembeni)
- Stairofomu nyeupe inayofungashiwa televisheni au friji, itoe kipande cha sm 60 × 18 × 8
- Gundi nyeupe ya mbao, magazeti, rangi ya mafuta
- Plaiwudi ya mm 3 na ya mm 6
- Chubwi za risasi za wavuvi, jumla gramu 350

Rota
- Karatasi ya manila, kipande cha sm 30 × 40
- CD 2 zisizo na ufa
- Beringi 2 zenye tundu la mm 8 na upana wa nje wa mm 22 (zimo kwenye magurudumu ya sketi, na katikati ya vile vichezeo vya kuzungusha kwa vidole)
- Bomba la alumini la mm 8, urefu sm 45. Fito za antena ya zamani ya televisheni zinafaa sana
- Gundi ya epoksi ya mirija miwili, vanishi

Umeme
- Mota ya gari la kuchezea la watoto
- Puli ndogo ya plastiki kutoka kwenye trei ya deki ya DVD iliyokufa
- Mkanda wa redio ya kaseti, au rababendi imara
- Betri 3 za AA na kibebeo chake
- Swichi ya miguu 6 yenye kituo cha kuzima katikati
- Silikoni ya madirisha

## Hatua ya 1: Bodi

Chora umbo la boti juu ya stairofomu: omo (mbele) iliyochongoka, tezi (nyuma) iliyokatwa wima, ubavu ulionyooka. Kata kwa kisu kirefu chenye makali, kisha lainisha kwa msasa. Chini iache bapa, ila pembe zake uziviringe.

Nimechagua bodi pana, na sababu ni kwamba rota ni mzigo uliokaa juu. Boti nyembamba itaonekana nzuri zaidi mezani na itapinduka ziwani.

Funika bodi yote kwa vipande vya gazeti vilivyochovywa kwenye gundi ya mbao iliyochanganywa na maji kidogo. Tabaka 3, kila moja likauke kwanza. Halafu paka rangi ya mafuta mara 2.

Tahadhari: petroli, thina, rangi nyingi za kupuliza na ile gundi ya kukauka papo hapo huila stairofomu. Bodi yangu ya kwanza ilitoboka usiku mmoja kwa tone la thina lililopita kwenye mwanya wa gazeti usioonekana kwa macho. Asubuhi ndani ya tezi kulikuwa na shimo la kuingia ngumi, na juu karatasi imekaa kana kwamba hakuna kilichotokea. Hakikisha karatasi imefunika kila mahali kabla rangi haijagusa.

Imefaulu ikiwa: ukiigonga kwa ukucha inalia kavu kama ganda, na ukiiacha kwenye beseni nusu saa haijaongezeka uzito.

## Hatua ya 2: Mkuku na usukani

Chini ya bodi, katikati kabisa, gandisha ubao wa plaiwudi ya mm 6 wenye urefu wa sm 25. Utoboe matundu kila sm 1. Mkuku wenyewe ni plaiwudi ya mm 3, upana sm 10, kushuka sm 18. Ufunge kwenye ubao huo kwa vipande viwili vya bati vilivyokunjwa na boliti 2, usiugandishe, kwa sababu utahitaji kuusogeza mbele au nyuma siku ya majaribio. Paka vanishi kila upande, na kingo uzipake mara mbili.

Chubwi zifunge mwishoni kabisa mwa mkuku, pande zote mbili sawasawa. Gramu 350 zikiwa sm 18 chini ya boti hufanya kazi kuliko kilo nzima ukiiweka ndani ya bodi.

Rota hailemei boti kama tanga linavyoilemea. Upepo ukiongezeka mara 2, tanga husukumwa karibu mara 4, lakini rota isiyobadilisha mzunguko huvutwa karibu mara 2 tu. Kwa hiyo usiongeze risasi kwa hofu. Uzito usiohitajika utaula mwendo wote, maana nguvu ya rota ndogo kama hii ni makumi ya gramu tu.

Usukani ni bati la sm 5 × 8 kwenye mhimili wa spoku ya baiskeli, uliokazwa kiasi kwamba unageuka kwa mkono na kubaki ulipouacha.

## Hatua ya 3: Rota

Hapa usiwe na haraka. Chukua hata siku 2.

Diski. Kwenye plaiwudi ya mm 6 chora kwa bikari duara 2 za upana wa sm 6, na ndani yake, kwa kituo kilekile cha bikari, duara ya mm 22. Toboa tundu la katikati kwanza, kisha kata nje kwa msumeno mwembamba, ukiacha mm 1 ya ziada. Ingiza beringi. Sasa visha diski kwenye bomba la alumini, izungushe kwa kidole huku ukiisogezea msasa uliobandikwa kwenye kipande cha ubao. Msasa utakula pale tu palipotokeza. Ukisikia sauti imekuwa moja bila kukatika, diski imekuwa duara ya kweli kuzunguka mlingoti wake. Mkono peke yake hauwezi kuifikisha hapo.

Beringi. Zinakuja na grisi nzito ndani, na grisi hiyo peke yake inaweza kuinyima mota ndogo nusu ya kasi. Toa vifuniko, zioshe kwa mafuta ya taa, zikauke, kisha tone moja la mafuta ya cherehani. Beringi nzuri ukiipa msukumo wa kidole inazunguka sekunde kadhaa yenyewe.

Ngozi. Panga diski mbili kwenye bomba, zitengane sm 28 kati ya nyuso za ndani, na katikati weka duara ya stairofomu ya kuizuia manila isibonyee, yenye tundu pana lisilogusa bomba. Paka gundi ya mbao, viringisha manila mizunguko 2 ukiivuta kwa nguvu moja kote. Kingo zake zifike usawa wa nyuso za nje za diski. Funga kwa uzi mpaka ikauke. Msasa laini, vanishi mara 2.

CD. Hizi ndizo walizoziacha watatu kati ya wale wanne. Bila diski pana juu na chini, hewa ya upande wenye mgandamizo mkubwa hupanda na kuvuka kwenda upande wa pili kupitia ncha za rota, na nguvu inapotea hapo. CD ina upana wa sm 12, mara mbili ya rota yetu, kipimo ambacho kingetosha hata kama ingetubidi tuikate wenyewe. Tena imetoka kiwandani ikiwa na mizani.

Kuiweka katikati: zungushia bomba utepe wa karatasi mpaka liingie kwenye tundu la CD bila kucheza. Kwaruza CD kwa msasa, paka epoksi kwenye diski ya mbao, ibandike, acha usiku mzima, kisha toa utepe. Rudia upande wa pili.

Puli. Duara ya plaiwudi ya upana wa sm 3 yenye tundu la mm 15, na mfereji uliochimbwa kwa tupa ya mviringo kuzunguka ukingo. Ibandike chini ya CD ya chini kwa ujanja uleule wa utepe.

Tahadhari: CD yenye ufa, hata mdogo kama unywele, itupe. Katika mizunguko 40 kwa sekunde vipande vyake vinaweza kuruka.

## Hatua ya 4: Mizani ya rota

Lilaze bomba mlalo juu ya vitabu viwili, rota ikiwa katikati, na uiguse kidogo. Ikisimama, upande mzito utakuwa chini. Bandika kipande kidogo cha utepe upande wa juu, kimoja kwenye CD ya kushoto na kingine kwenye CD ya kulia. Rudia.

Nimeshuhudia kipande cha utepe cha ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo kikimaliza mtetemo uliokuwa ukizilegeza nati. Ni kazi ya robo saa na ndiyo inayokupa ruhusa ya kufikia kasi tuliyoihesabu.

Imefaulu ikiwa: rota inasimama kila mara mahali tofauti, bila kupendelea upande.

## Hatua ya 5: Mlingoti, mota na mkanda

Bomba halizunguki. Linasimama imara kwenye bodi na rota inazunguka juu yake. Lisimike sm 26 kutoka omo, likizama sm 5 ndani ya kigogo cha mbao kilichogandishwa kwa gundi ya mbao kwenye shimo la stairofomu. Epoksi iweke kati ya bomba na kigogo. Kabla haijakauka, ning'iniza chubwi kwa uzi na ulinganishe bomba nalo, ukitazama kutoka tezi na kutoka ubavuni. Mlingoti ulioinama unaifanya boti ipinde siku zote na utalaumu usukani bure.

Juu ya sitaha kwa sm 7, zungushia bomba uzi uliolowa epoksi mpaka ufanye kola ya upana wa mm 11. Beringi ya chini itakaa hapo. Kola isizidi kipimo hicho, kwani ikigusa mkanda wa nje wa beringi itakuwa breki. Teremsha rota kutoka juu, kisha weka kola nyingine ndogo ya utepe juu ya beringi ya juu isije ikaruka.

Mota isimame wima nyuma ya mlingoti, chini ya CD, puli yake ikiwa usawa mmoja na puli ya rota. Matundu ya kuifungia yafanye marefu ili uweze kuisogeza na kukaza mkanda. Mkanda ulegee kidogo. Ukiukaza kama kamba ya gitaa unaivuta rota upande na kula betri.

## Hatua ya 6: Umeme

Nyaya za betri ziende kwenye miguu miwili ya katikati ya swichi. Nyaya za mota ziende kwenye miguu miwili ya upande mmoja. Kisha unganisha miguu ya pembe kwa pembe, kimsalaba, kwa nyaya fupi 2. Hivyo ukisukuma swichi mbele rota inazunguka huku, ukirudisha nyuma inazunguka kule, katikati imezimwa. Ziba viungo vyote kwa silikoni.

Usigeuze swichi kwa mkupuo kutoka mwisho mmoja hadi mwingine rota ikiwa kasini. Simamisha kwanza, la sivyo mkanda utaruka.

Kupima kasi: bandika utepe mweusi kwenye ukingo wa CD ya juu, piga video ya mwendo wa polepole ya fremu 240 kwa sekunde, halafu hesabu ni fremu ngapi utepe unachukua kurudi mahali pake. Fremu 5 hadi 8 ni sawa. Zikifika 15 uko kwenye mizunguko 16 tu kwa sekunde: safisha beringi tena, legeza mkanda, na ikishindikana punguza puli ya rota iwe sm 2.5.

## Hatua ya 7: Feni na beseni

Usiende majini bado. Jaza beseni kubwa lenye kina cha kuupokea mkuku, elekeza boti, weka feni ya mezani mita 2 kutoka ubavuni.

Washa feni peke yake. Boti itasogea taratibu kuelekea demani, yaani upepo unakoelekea. Sasa washa rota.

Kanuni ya mzunguko ni moja: uso wa rota unaotazama omo uende kule upepo unakokwenda. Upepo ukitoka kushoto, rota ikitazamwa kutoka juu izunguke kama mshale wa saa. Ukitoka kulia, izunguke kinyume chake.

Imefaulu ikiwa: omo inagonga ukingo wa beseni mbele na kubaki inausukuma, na ukigeuza swichi boti inarudi kinyumenyume. Ile dakika boti inapoondoka kwenda mbele huku upepo unaipiga ubavuni, kila aliyesimama pale hunyamaza kwanza.

## Hatua ya 8: Majini

Chagua bwawa, au dimbwi linalobaki ufukweni maji yakitoka, na siku ya upepo unaotikisa majani bila kutikisa matawi. Wakati wa kusi ikiwa imekaza, subiri asubuhi mapema. Funga mshipi wa kuvulia kwenye tezi, uachie kadiri boti inavyokwenda.

Itoe boti ikiwa na upepo wa ubavuni. Rota haivuti kuelekea upepo unakotoka moja kwa moja, na upepo wa tezi nao hauisaidii, kwa sababu nguvu yake siku zote huukata upepo kwa pembe mraba. Pembe nzuri ni ile ya ubavuni, kuongeza au kupunguza nyuzi 30 hivi.

Kisha tazama omo:

- Inageukia joshi, upepo unakotoka: sogeza mkuku nyuma tundu 1.
- Inageukia demani: sogeza mkuku mbele tundu 1.
- Inakwenda mbele lakini inateleza sana pembeni: mkuku ni mfupi, au rota haijafikia kasi. Pima fremu kabla ya kukata mkuku mpya.
- Inaanza vizuri kisha inapoa: mkanda umelowa. Tengeneza kikinga maji cha plastiki mbele ya mota.

Kwangu kitovu cha mkuku kilitulia sm 2 nyuma ya mlingoti. Anzia hapo.

Watoto wakae mbali na CD zinapozunguka, na zima rota kabla ya kuinua boti. Ukirudi kutoka maji ya chumvi, suuza beringi kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, zikauke juani, zipe tone la mafuta, na toa betri.